Naombeni ushauri: pete nyeusi ndani ya mtutu wa bunduki ya mzee haitoki

MwanaMasindi
Habari za jioni wadau. Naandika kutoka Masindi, Uganda. Mzee wangu ana bunduki ya bolti (ile ya kuvuta kitasa kwa mkono kila risasi), aina ya Brno, ya risasi za .30-06, anaimiliki kihalali miaka mingi kwa ajili ya ulinzi wa shamba. Sasa amelazwa, upande wa kulia umekufa ganzi, na leseni inataka kuhuishwa. Jumanne bunduki ionekane polisi. Ameniagiza niisafishe vizuri isimwaibishe, maana kwake ilikuwa haikai chafu hata siku moja.

Nimehangaika nayo siku tatu. Nikitazama ndani kuelekea dirishani naona pete nyeusi, kama sentimita 15 kutoka mdomoni. Nimepitisha mafuta ya taa, brashi ya shaba, hata dizeli. Haitoki. Ni dawa gani inatoa masizi sugu namna hii? Au msasa laini utafaa? Naomba majibu ya haraka, silali.

Mama Shakila
Pole kwa mzee, Mungu amnyanyue. Ila mwanangu, bunduki chumbani na wajukuu wanakimbia humo humo? Mimi ningeiuza ninunue ng'ombe wawili. Ng'ombe halipuki.

Afande Mstaafu
Kijana, kabla ya dawa. Umetoa risasi zote? Sisemi umeangalia, nasema umetia kidole chemba, pale risasi inapokaa, ukahakikisha ni tupu, ukatoa bolti, na risasi ukazipeleka chumba kingine? Kama bado, funga simu ukafanye hivyo kwanza.

Kama tayari, nisikilize. Bunduki ya bolti husafishwa kwa kuingiza fimbo kutoka nyuma, upande wa chemba, si mdomoni. Ile kingo ya mdomoni ndiyo mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Fimbo ikiikwaruza upande mmoja tu, risasi inatoka imesukumwa pembeni na shabaha inaharibika. Fimbo iwe kipande kimoja, imenyooka. Mtutu uinamishe mdomo chini kidogo ili dawa isitiririke kuingia kwenye mbao za kitako.

Kitambaa chenye dawa kwanza, uache dakika 10 au 15. Halafu brashi, ipite mpaka itokeze nje kabisa ndipo uirudishe. Usiigeuze ikiwa ndani. Kisha vitambaa vikavu. Kikitoka cheusi, hayo ni masizi ya baruti. Kikitoka na rangi ya buluu au kijani, hiyo ni shaba ya kichwa cha risasi iliyong'ang'ania chuma, na huyeyushwa na dawa yenye amonia. Lakini ukitumia brashi ya shaba, dawa hiyo inakula brashi nayo na kukudanganya kila mara kwamba mtutu bado mchafu. Tumia brashi ya nailoni. Na amonia usiilaze humo usiku kucha, wala usiichanganye na jiki, mvuke wake unaumiza mapafu.

Fanya kazi nje au dirisha wazi, mbali na chakula, na unawe mikono kwa sabuni. Masizi hayo yana risasi ile ya madini, ni sumu kwa watoto.

Msasa usiguse. Nitarudi kwenye hilo.

Binti wa Jinja
Afande amenikumbusha babu. Alikuwa na bunduki ya marisau, akaihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi, juu ya kabati, akidhani anaitunza. Huku kwetu ziwa liko pale tu, hewa ina unyevu mwaka mzima. Ngozi inanyonya unyevu na ina chumvi za kiwandani. Alipofariki tukaufungua ule mfuko mbele ya polisi: mtutu umeliwa upande mmoja kama muhogo uliotobolewa na fuko. Bibi alilia, si kwa sababu ya bunduki, bali kwa sababu babu alikuwa anaupangusa ule mfuko kila Jumapili. Ninyi mnaohifadhi kwenye mfuko wa ngozi, itoeni leo.

Mkulima Kiruhura
Kwetu adui ni nyigu wa tope. Wiki mbili tu bunduki imesimama kwenye kona, wamejenga ndani. Jirani yangu alinusurika kwa kuwa ana tabia ya kutazama mtutu kabla ya kupakia. Sasa MwanaMasindi, nguruwe mwitu wanakusumbua? Hawa wanyama ripoti kwa watu wa UWA, mamlaka ya wanyamapori, sheria ya wanyamapori ya 2019 haina mchezo.

MwanaMasindi
Asanteni. Afande, risasi ziko kabatini kwa mama na bolti nimetoa. Nyani na nguruwe wapo ila siyo swali langu. Swali langu ni pete. Nimetumia dawa ya amonia niliyoipata kwenye kasha la mzee, kitambaa kimetoka cheupe. Pete iko pale pale. Nimeshanunua msasa namba 600 na nimekodi drili kwa siku mbili. Nikiufunga msasa kwenye fimbo nikazungusha taratibu, si itang'aa?

Afande Mstaafu
Kitambaa kimetoka cheupe, basi hapo hakuna uchafu. Nakuuliza moja kwa moja: kitambaa kikavu kikipita kwenye pete, fimbo inakuwaje mkononi? Inabana sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, au inalegea hapo halafu inabana tena? Na kwa nje, pitisha kidole gumba taratibu mahali hapo hapo. Unahisi nini?

MwanaMasindi
Inalegea kidogo. Kwa nje sijui, labda kuna kinundu, labda ni rangi.

Afande Mstaafu
Nini kilikwama humo ndani?

Kijana wa Bombo
Nimeweka kiti hapa.

MwanaMasindi
Sawa. Sikutaka kuliandika kwa sababu najua mtakavyosema.

Jumamosi kitambaa kilikwama. Nilikikunja kinene mno. Nikasukuma kwa nondo ya milimita 8 niliyokatiwa na fundi ujenzi, kikagoma. Mwenzangu kazini, ambaye aliwahi kuwa mlinzi, akaniambia risasi ikipita itakitoa. Nikaenda nacho shambani, nikapiga moja. Kitambaa kikatoka. Mlio ulikuwa tofauti na bega liliuma, basi. Bunduki haikupasuka. Kwa hiyo naamini ile pete ni masizi ya kitambaa kilichoungua. Na msiniambie sina leseni, mzee mwenyewe ndiye aliyenipa ufunguo wa sefu. Jumanne nitaifunga kwenye gunia, nipande boda mpaka mjini, waikague, waigonge muhuri, yaishe.

Mama Shakila
Yesu wangu.

Mpima Kila Kitu
Samahani, mimi napenda kupima. Mtutu wa .30-06 tundu lake ni milimita 7.62 ukipima juu ya mistari ya ndani inayozungusha risasi, na kama 7.8 ukipima ndani ya mifereji iliyo kati ya mistari hiyo. Nondo ya milimita 8 haiingii humo, hata ukiipaka siagi. Huyu jamaa hajawahi kushika bunduki. Hadithi imetungwa, na mnampa masomo bure.

Kijana wa Bombo
Ndiyo maana! Baba mgonjwa, Jumanne, gunia, boda. Imekamilika mno. Au ni askari anatega watu waanze kusema wana nini nyumbani. Mkulima, futa ule ujumbe wako.

Mkulima Kiruhura
Nifute nini, mimi nimesema nyigu.

Binti wa Jinja
Hata kama imetungwa, maelezo ya afande ni ya kweli na yatamfaa mtu mwingine. Lakini na mimi nimeanza kushangaa. Baba kalazwa, wewe unapiga risasi shambani Jumamosi?

MwanaMasindi
Mnanionea. Nondo ilikuwa ile wanayotengenezea pete za nguzo, fundi alinitajia "ya nane" nikaandika ya nane. Nimekwenda nyuma ya nyumba sasa hivi, nimepima kwa rula. Ni 6. Mpima, uko sahihi, ya nane isingeingia. Lakini sitegi mtu na situngi. Kama natunga, kwa nini kidole changu gumba kinahisi kile kinundu kila nikirudi pale? Nimekihisi tangu Jumapili.

Mpima Kila Kitu
Hapo nimekuelewa. Naondoa neno langu. Kinundu unachokihisi kwa nje, kwa ndani ni bonde, na bonde linaonekana kama pete nyeusi kwa sababu mwanga unaanguka humo na haurudi. Siyo rangi. Ni umbo.

Afande Mstaafu
Ndivyo. Kijana, sikugombezi, nimeona wanaume wazima wakifanya hivyo wakiwa na magwanda. Risasi ilipokifikia kitambaa, ilizuiliwa ghafla na gesi nyuma yake inaisukuma. Kwa muda huo mdogo kabisa, chuma kilifutuka kuzunguka mahali pale. Mtutu umevimba. Hakuna dawa ya kutoa uvimbe, kama ambavyo hakuna sabuni ya kunyoosha sufuria iliyobonyea. Isipigwe tena hata mara moja mpaka fundi silaha mwenye kibali auone. Pengine atasema mtutu ubadilishwe. Pengine, kwa kuwa ni karibu na mdomo, ataukata nyuma ya kinundu na kuutengeneza mdomo upya. Hiyo ni kazi yake, si ya drili.

Na nondo imekwaruza ndani, hilo nalo mwambie.

Jeshini tulifunzwa kwa AK, na ndiyo inayowapoteza wengi. AK unaisafishia mdomoni kwa sababu nyuma hapapitiki, lakini kile kifuniko cha kopo la vifaa unakivisha mdomoni ili fimbo isikwaruze kingo. Na ndani mtutu wake umepakwa kromu, unavumilia kutu. Ya mzee wako haina hayo. Mlinzi mwenzako alikupa desturi ya bunduki nyingine, na hata kwenye AK ushauri ule wa kutolea kitambaa kwa risasi ni wa kuua mtu.

Sasa msasa. Mnakumbuka 2018, baada ya mbunge Abiriga kuuawa mwezi wa sita, Rais alilihutubia Bunge akaagiza bunduki zote zichukuliwe alama, kama alama za vidole. Alama hizo ni nini? Ni mikwaruzo ambayo mistari ya ndani ya mtutu inaiacha kwenye kichwa cha risasi, pamoja na alama ya pini na bolti kwenye ganda. Ukiingiza msasa na drili, unabadilisha alama ya mtutu wa mzee wako. Mkaguzi ataona ndani kumesuguliwa upya, kinundu kipo nje, na mwenye leseni yuko kitandani hawezi kujieleza. Ulitaka kumfichia aibu, utamletea kesi.

MwanaMasindi
Hilo la alama sikulijua. Naapa sikulijua.

Lakini nikisema ukweli, si watanikamata mimi kwa kupiga? Na mzee je, kwa kunipa ufunguo?

Binti wa Jinja
Sisi hatuwezi kukuahidi kwamba hawatakuuliza. Leseni ni ya mtu, haiwi ya nyumba wala ya ukoo, hilo tuliambiwa wazi babu alipofariki. Tafuta wakili kabla ya kuandika maelezo, hata wa nusu saa. Na ile safari ya gunia na boda iache kabisa. Ukisimamishwa njiani na bunduki isiyo yako ndani ya gunia, utaeleza mpaka jioni. Sisi tulipiga simu kituoni, wakaja wenyewe kuichukua, wakaandika karatasi, bibi akatia sahihi.

Mama Shakila
Na baba yako umwambie wewe, asisikie kwa polisi. Keti upande ule anaosikia vizuri, useme polepole.

Kijana wa Bombo
Kaka, samahani kwa yale ya mtego. Mjomba wangu alikaa rumande kwa bunduki ya mtu mwingine, naogopa hizi habari.

MwanaMasindi
Narudi kuwapa taarifa. Drili nimerudisha, msasa uko kwenye droo haujaguswa. Nimepata wakili mjini, tukapiga simu kituoni pamoja. Wamekuja leo, afande wawili, mmoja anazijua silaha. Bolti nimemkabidhi mbali na bunduki. Ametazama ndani kwa tochi ndogo, akapitisha kidole gumba, akaniangalia. Nikamwambia yote, kitambaa, nondo, risasi moja. Ameandika. Wamenipa karatasi yenye namba ya bunduki, nami niende Ijumaa na wakili kutoa maelezo. Sijui itaishaje.

Jana usiku nilikuwa nimeshamwambia mzee. Maneno yanamtoka kwa shida. Nilidhani atauliza bunduki iko wapi, au leseni. Aliunyanyua mkono wake mzima, akaushika wangu, akahesabu vidole kimoja kimoja mpaka kumi. Kisha akauliza, "Macho?" Nikamwambia mazima, baba. Akalala.