Kuwapandisha wazee juu waone mji na wale: Hurumzi, Africa House au mnara wa Chumbe?

Mwana wa Mkoani:
Assalaam alaykum wanajukwaa.

Wazee wangu wanavuka kutoka Pemba mwezi wa saba kuja kukaa nasi hapa Unguja. Safari hii baba ana ombi moja tu: auone mji kwa juu, upande wa bahari na upande wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kisha tukae tule kwa nafasi. Zamani ningempeleka kwenye roshani za jumba la Beit al-Ajaib bila ya kuuliza mtu. Ule mnara wa saa ndio uliokuwa ukimwambia kwamba meli imeshakaribia bandarini. Lakini toka sehemu kubwa ya jengo ilipoporomoka Disemba 25, 2020, huko hakupandiki tena.

Nimebakiwa na mahali patatu: kule darini kwenye hoteli ya Emerson on Hurumzi, hoteli ya Africa House pale Shangani, au tuvuke mpaka kisiwa cha Chumbe tupande mnara wa taa. Kinachonishughulisha ni magoti ya mama, sala ya Magharibi, na kwamba baba hatokaa meza iliyo jirani na pombe. Aliyewahi kupeleka watu wazima anisaidie.

Bint Vikokotoni:
Wa alaykum salaam kaka. Mie nakwambia Hurumzi, wala sisiti.

Ile ni nyumba ya Tharia Topan, tajiri aliyekuwa mkuu wa forodha enzi za Sayyid Barghash, na inatajwa kuwa ya pili kwa urefu Mji Mkongwe wote. Ukifika juu hakuna cha kukuzuia macho. Kaskazini na magharibi una bandari, majahazi na visiwa vya Changuu na Bawe. Geuka kusini uione Minara Miwili ya kanisa. Mashariki, baada ya mabati yote yale yenye kutu na madishi, yanatokeza majumba ya Michenzani yamejipanga kama behewa za treni. Baba yako atakaa anakutajia mtaa mmoja mmoja.

Kinachonipendeza zaidi ni sauti. Chini kuna hekalu la Wahindi, jioni utasikia kengele zake, halafu adhana zinaanza, msikiti mmoja ukidakia mwengine. Huko juu unazipata zote kwa pamoja, jambo ambalo ukiwa uchochoroni hulipati.

Ila kaa ukijua mkao wake ni wa chini, mazulia na mito, viatu unavua. Kwa baba hiyo ni raha. Kwa mama mwenye magoti, waambie mapema wakutafutie kiti.

Fundi wa Mwembetanga:
Dada amesema kweli juu ya mandhari, lakini amezipita ngazi haraka mno.

Nimefanya kazi ya ukarabati kwenye nyumba hizi za mawe. Sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali: ndio maana vyumba ni virefu lakini vyembamba. Ngazi nazo zimebanwa humo humo kwenye wembamba huo, kwa hiyo zinapanda wima. Kidato kimoja kinaweza kuwa juu kuliko kidato na nusu cha nyumba za kisasa, na ukingo wake umelika katikati kwa miguu ya miaka mia na zaidi. Kupanda mtu mzima atapanda, akipumzika kila ghorofa. Kazi ni kushuka, usiku, taa hafifu, tumbo limejaa. Goti linaumia wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, muulize daktari yeyote.

Mkienda, mmoja atangulie mbele ya mama wakati wa kushuka, mwengine abaki nyuma. Mama avae viatu vya kukamata, ndara aziache nyumbani. Na gari haifiki mlangoni. Mtashuka Forodhani au Mizingani mtembee kwa miguu.

Jirani wa Shangani:
Mbona Africa House mnaipita kimya kimya? Ngazi zake ni chache kwa mbali, gari inafika karibu, viti ni vya kawaida, na ile baraza imeelekea magharibi moja kwa moja. Jua linazama mbele yako baharini, hakuna paa wala mnara wa kulikata. Kwa mwenye magoti sioni pa kushindana napo.

Bint Vikokotoni:
Jirani yangu, heshima yako, lakini ndugu ameshasema baba yake hakai karibu na pombe. Pale palikuwa klabu ya Waingereza zamani, na hadi leo ile baraza ni baa. Jua linapozama ndio wageni wanajaa na gilasi mkononi. Mzee wa Mkoani utamkalisha wapi? Tena unaona bahari tu. Mji uko nyuma ya mgongo wako, na mzee amesema anataka kuuona mji.

Jirani wa Shangani:
Hapo sina la kubisha. Basi aende mchana saa nane au saa tisa, wakati hakuna watu, wanywe chai watazame bahari. Lakini kwa mji mzima, kweli, haifai.

Baharia wa Mbweni:
Nikusaidie Chumbe, maana huko ndiko ninakopita kila siku.

Mnara wa taa umejengwa 1904 na bado umesimama imara. Ukifika juu unaona kisiwa chote kimefunikwa na msitu, pembeni miamba ya matumbawe inang'aa chini ya maji, na mji uko mbali kaskazini, kiasi cha kilomita 12. Safari ya kutwa inaanzia ufukweni Mbweni na chakula cha mchana kinakuwemo. Na kuna jambo ambalo baba litampendeza: pana msikiti mdogo wa zamani karibu na mnara, uliojengwa kwa ajili ya walinzi wa taa. Mtasali Adhuhuri kwenye msikiti wenye historia yake.

Sasa upande wa pili. Mwezi wa saba ni msimu wa upepo wa kusi. Bahari inachafuka, boti inarushwa, na pale kisiwani hakuna gati la kuteremkia kwa starehe, unashuka majini. Kijana ataona raha. Mama mwenye magoti, mie nisingemchukua kwenye kusi. Ngoja mpaka baharini pametulia, mwezi wa pili kwa mfano, na uulize nafasi mapema kwa kuwa watu wanaopokewa ni wachache. Usisahau kusema nyinyi ni wakaazi kabla hujatajiwa bei.

Wa Konde:
Ndugu zangu, wazee wanatoka Pemba na mnara tunao kwetu! Ras Kigomasha, mnara wa chuma wa mwaka 1900, na mpaka juu unapandwa. Bahari huku, msitu wa Ngezi kule, na Vumawimbi mchanga mweupe mtupu. Chakula mnabeba wenyewe: wali wa nazi, pweza, na chai kwenye chupa. Ngazi za ndani ni nyembamba na zinapanda wima, kwa hiyo mama abaki chini kivulini na baba apande na wajukuu. Wakirudi nyumbani wapelekeni huko pia.

Fundi wa Mwembetanga:
Suala la Magharibi naona hakuna aliyeligusa, na ndilo litakaloharibu jioni yenu msipolipanga. Mwezi wa saba jua linazama kama saa 12 na dakika 20. Wakati huo huo ndio adhana. Karibu chakula chote cha darini kimepangwa kwenye saa hiyo hiyo, kwa sababu wageni wanafuata machweo. Mtakuwa juu kabisa, sahani ndio zinakuja, na mzee anataka kushuka kusali. Na wakati wa sala ya Magharibi ni mfupi.

Ninavyofanya kwa wageni wangu: salini Alasiri, pandeni saa 10 na nusu. Mwanga wa wakati huo ni mzuri kuliko wa machweo, mawe na mabati yanapata rangi ya dhahabu na visiwa vinaonekana vizuri. Kunyweni chai, tazameni mpaka mtosheke. Saa 12 kamili mko chini na bado kuna mwanga wa kuona ngazi. Msikiti hauko mbali, upande wowote utakaogeukia. Mkishamaliza kusali nendeni bustani ya Forodhani mle.

Bint Vikokotoni:
Hilo nimelikubali, na nasema hivi nikiwa mpenzi wa Hurumzi. Forodhani mama atapata kiti cha kawaida, atakula mishkaki, pweza na urojo wake, na bei mnaijua kabla ya kukaa. Chagueni samaki anayechomwa mbele yenu, aliyelala sahani toka jioni muacheni.

Mwana wa Mkoani:
Ahsanteni nyote, Mungu awalipe. Nimezungumza na mama kwa simu nikamweleza habari za ngazi. Amesema atapanda polepole, hakubali baba aende peke yake. Kwa hiyo ni Hurumzi baada ya Alasiri kwa chai, Magharibi msikitini, kisha Forodhani. Kigomasha nitapanda na baba nikiwarudisha. Chumbe nimeiweka mpaka kusi ipite.

Swali la mwisho: hiyo chai ya saa 10 na nusu nitafute nafasi kabla, au tunafika tu?

Bint Vikokotoni:
Piga simu siku mbili kabla, mwezi wa saba wageni ni wengi. Waambie mnataka chai tu na si chakula cha jioni, mko wangapi, na kiti kimoja cha mama kiwekwe upande wa magharibi penye kivuli. Na mchukulie mtandio mzito, kusi huko juu inavuma kweli.