Kucha za mbwa nyumbani: mkasi, mashine ya kusaga au ubao wa msasa?

Mzee_wa_Uani: Wakuu, habari zenu. Nina mbwa jike wa miaka 3, kucha zake zote nyeusi tii. Akipita sakafuni nasikia ka-ka-ka kama mtu anachapa barua. Nilijaribu kikatio changu mwenyewe, hiki cha binadamu, ukucha ukapasuka. Tangu siku hiyo akiniona na kitu cha chuma anajichimbia chini ya kitanda. Nimeona kuna mikasi, kuna kile chenye tundu, kuna mashine na kuna ubao wa msasa. Nianze na kipi?

Tausi77: Kwanza hicho cha binadamu kirudishe kwenye kucha zako 😀 Kimetengenezwa kwa ukucha bapa. Wa mbwa ni mviringo, kinaubana pande mbili mpaka unachanika.
Mimi nimetumia vyote viwili vya kukata. Chenye tundu, unapitisha ukucha ndani halafu wembe unashuka, kinafaa mbwa mdogo mwenye kucha nyembamba. Kwa mbwa mkubwa kinaminya kabla ya kukata, na huo mminyo ndio unaomuuma hata usipogusa damu. Wembe ukiwa butu ndiyo balaa kabisa. Mkasi wa mtindo wa koleo una nguvu zaidi, na unaona unachokata. Baadhi vina kizuizi cha nyuma kisiruhusu kukata kirefu, ila kwenye kucha nyeusi usikiamini sana, maana chenyewe hakijui nyama iliyo ndani ya ukucha wa mbwa wako imeishia wapi.

fundi_manyoya: Mashine ya kusaga, mkuu. Huwezi kukata kupita kiasi kwa bahati mbaya kirahisi, unapunguza kidogokidogo, na ncha inabaki laini haichubui mtu.

Tausi77: @fundi_manyoya mwambie na upande wa pili basi. Wa kwangu aliposikia ule mlio alipanda kochi, akapanda na mimi.

fundi_manyoya: Haha, kweli. Mlio na mtetemo vinataka siku kadhaa za kuzoeza. Iwashe mbali akiwa anakula, siku nyingine isogeze, siku nyingine mguse nayo ikiwa imezimwa. Mambo mawili msiyadharau: inapata moto, kwa hiyo gusa sekunde 1 au 2 kisha inua, na manyoya marefu yananaswa. Mbwa mwenye manyoya miguuni mvalishe soksi kuukuu ya nailoni, toboa kucha zitokeze, manyoya yabaki ndani. Vumbi lake nalo linanuka, fanyia nje.

Nyota_ya_Bonde: Mbona ubao hausemwi? Unabandika msasa kwenye kipande cha mbao, unamfundisha akwangue mwenyewe kama anayefukua, kila akikwangua anapata zawadi. Kwa mbwa aliyekwisha ogopa chuma, hii ndiyo njia ya kwanza kwangu, maana hakuna anayemshika. Upungufu wake: ni kwa miguu ya mbele zaidi, na ule ukucha wa pembeni, wa juu kidogo mguuni, haufikiwi. Huo usiusahau. Haugusi ardhi, hausuguliki, unajikunja mpaka unaingia nyamani. Nimeuona umezama, si jambo la kutazama mara mbili.

Mzee_wa_Uani: Ahsanteni. Sasa kwa kucha nyeusi, nitajuaje nilipofika? Kwenye nyeupe naona ile rangi ya waridi ndani.

Bi_Kiduchu: Hapo ndipo kazi ilipo, chombo ni nusu tu. Ndani ya ukucha kuna nyama yenye mshipa wa damu na neva. Geuza mguu utazame chini ya ukucha: kwenye ncha kuna kama mfereji, uko wazi. Sehemu hiyo ya mfereji ni salama. Pale unapojaa, nenda taratibu. Kata vipande vyembamba, kama milimita 1, na kila ukikata tazama uso wa ukucha. Ukiwa mkavu, mweupeweupe kama chaki, bado. Ukiona kitone cheusi au cha kijivu kinatokea katikati, simama hapohapo.
Na kwa kuwa zimeachwa muda mrefu, nyama nayo imerefuka pamoja nazo. Usitake kuzifikisha unapopataka kwa siku moja. Ondoa ncha kila wiki, nyama itarudi nyuma yenyewe.
Halafu jinsi ya kushika: usivute mguu kwenda pembeni. Ukunje kwa nyuma kama anayempigilia farasi viatu vya kwato, hasa kwa mbwa mzee mwenye maungo mabovu. Wengi tunaosema "mbwa wangu anachukia kukatwa kucha" kumbe anachukia bega linavyopindishwa.

Tausi77: Hiyo ya bega nimeipokea kwa aibu.

Mzee_wa_Uani: Na damu ikitoka?

Bi_Kiduchu: Weka unga wa kukausha damu karibu kabla hujaanza, si baada. Huna? Konifulawa. Uchovye ukucha, bonyeza kwa kitambaa safi dakika chache bila kuchunguliachungulia. Ikiendelea nusu saa nzima, ni kwa daktari wa mifugo. Na akianza kupiga miayo, kulamba midomo au kukutazama kwa weupe wa jicho, acha siku hiyo hata kama zimebaki 16.

Mzee_wa_Uani: Mrejesho. Nimechukua ubao wa miguu ya mbele na mkasi wa koleo kwa nyuma na pembeni. Wiki nzima nimekuwa nauweka tu mkasi kando ya bakuli lake. Jana nimekata 2, leo 1. Hakuingia chini ya kitanda, alisimama mlangoni akiusubiri mfuko wa zawadi.

fundi_manyoya: Mashine utaitafuta tu, mkuu. Nipo.