Feni ya prosesa inatikisika kisha inasimama: nibadilishe feni au shida iko kwenye mazabodi?

Kiteuzi

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kabla sijanunua kifaa ambacho pengine hakihitajiki.

Kompyuta ni ya mezani. Feni ya prosesa ina upana wa milimita 92 na nyaya nne, stika yake imeandikwa DC 12V 0.28A. Nikiwasha, mapanga yanatikisika kama yanataka kuanza, yanarudi nyuma kidogo, basi. Nikiyasukuma kwa kidole yanazunguka kivivu, na dakika haiishi yamesimama tena. Kwenye skrini unatokea ujumbe wa hitilafu ya feni na kuambiwa nibonyeze F1. Ndani ya BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kompyuta inapowaka) mzunguko unasomeka 0, joto linapanda toka nyuzi 40 hadi 88 huku naliangalia, halafu baada ya muda kompyuta inajizima.

Feni ya kasha inazunguka vizuri. Vumbi nimelitoa kwa brashi na hakuna waya unaogusa mapanga. Nitajuaje kama kilichokufa ni feni au ni soketi yake kwenye mazabodi? Na je, kuweka oili kunasaidia kweli?

Mita12V

Mkuu, kwanza acha kuiwasha kwa muda mrefu ikiwa hivyo. Prosesa haitaungua papo hapo, maana ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 inajipunguzia kasi, na ikizidi inajizima. Lakini vipande vilivyo jirani yake kwenye mazabodi vinapikika nayo, na vingi havina kinga ya namna hiyo. Kila jaribio lisizidi dakika moja.

Feni isiyozunguka imekosa kitu kimoja kati ya vitatu: umeme, amri, au uzima wake yenyewe. Vitenganishe kwa mpangilio huu.

Anza na BIOS kwa sababu haikugharimu chochote. Tafuta ukurasa wa feni, uone kama soketi ya CPU_FAN, ile ya feni ya prosesa, imewekwa kwenye DC (kudhibiti kasi kwa volti) au PWM (kudhibiti kasi kwa mapigo ya amri kwenye waya wa nne). Feni ya nyaya nne inataka PWM. Ikiwa kwenye DC, mazabodi inapunguza kasi kwa kushusha volti, na kompyuta ikiwa bado ya baridi feni inaweza kupewa volti 4 au 5 tu. Baadhi ya feni za volti 12 haziwezi kujiinua kwa umeme huo: zinatikisika na kusimama, vilevile unavyoeleza. Weka PWM, chagua kasi kamili, hifadhi, washa upya.

Isipobadilika, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe. Chomoa feni ya prosesa, kisha chomeka feni ya kasha kwenye CPU_FAN. Ya pini tatu inaingia bila shida kwenye soketi ya pini nne. Ule ulimi wa plastiki unakuongoza, na pini ya nne inabaki wazi. Ikizunguka na BIOS ikasoma mzunguko wake, soketi ni nzima na mshitakiwa ni feni. Isipozunguka, soketi haitoi umeme.

Sasa ipime feni peke yake kwa betri ya mraba ya volti 9. Mpangilio wa pini ni huu: 1 ni hasi, 2 ni chanya ya volti 12, 3 ni waya wa taarifa unaopeleka mapigo mawili kwa kila mzunguko, 4 ni waya wa amri ya PWM. Kwa feni nyingi za nyaya nne rangi ni nyeusi, njano, kijani na buluu kwa mfuatano huo. Kwa za nyaya tatu mara nyingi ni nyeusi, nyekundu, njano, na hapo ndipo watu wanakosea, kwa sababu njano ya kwanza ni umeme na njano ya pili ni taarifa. Kama nyaya zote ni nyeusi, fuata nafasi: ulimi wa soketi uko nyuma ya pini 1 hadi 3, na iliyobaki nje ni ya 4.

Gusisha chanya ya betri kwenye pini 2 na hasi kwenye pini 1, usigeuze. Pini ya 4 iache huru. Feni isipopata amri hukimbia kwa kasi yote inayoruhusiwa na umeme iliopewa. Feni nzima itaanza yenyewe kwa volti 9, polepole kuliko kawaida lakini bila kusukumwa.

Beringi_Kavu

Naongezea kwenye hilo la kusukuma kwa kidole, kwa sababu ndiyo dalili yenye habari nyingi kuliko zote.

Feni inayotaka kusukumwa ina kasoro mbili zinazofanana kwa macho. Ya kwanza, beringi imekauka na msuguano umeishinda mota. Ya pili, mota imepoteza nusu ya nguvu: mojawapo ya koili imekatika au ile saketi ndogo inayozigeuza imeharibika upande mmoja, hivyo rota (sehemu inayozunguka) inapata msukumo mmoja pale ilipopaswa kupata miwili. Ndiyo maana inaruka mbele, inarudi nyuma, inatulia.

Kuzitofautisha, ichomoe kabisa na uizungushe kwa kidole ikiwa haina umeme. Feni yenye beringi nzuri inaendelea mizunguko kadhaa, na inapokaribia kusimama utaona inajivuta kidogo kidogo kwenye vituo vyake. Hiyo ni sumaku, si kasoro. Ikisimama mara tu unapoachia kidole, kama kitu kilichozama kwenye asali, ni beringi. Ikisikika kama ina mchanga ndani, ni beringi pia, na hiyo haiponi. Lakini ikizunguka laini kabisa kwa mkono na ikishindwa kwa betri, usihangaike na oili, ni mota.

Oili inasaidia beringi ya bomba la shaba, ile isiyo na golori. Bandua stika ya katikati nusu yake. Chini yake kuna kifuniko cha mpira au plastiki; kitoe kwa ncha ya pini. Utaona kichwa cha ekseli na kipete cheupe cha nailoni kilichopasuliwa. Ukikuta utando wa kahawia unaonata kama gundi kuzunguka ekseli, huo ndio oili ya zamani iliyoganda, na kudondosha mpya juu yake kutasaidia siku chache tu. Ondoa kipete, chomoa mapanga, futa ekseli na tundu lake kwa spiriti ya isopropili na kijiti cha pamba mpaka pamba itoke safi, kisha tone moja au mawili ya oili ya cherehani. Kipete kina tabia ya kuruka na kupotea. Kifunike kwa kidole unapokitoa, maana bila hicho mapanga hayashiki. Futa oili yote iliyomwagika kabla ya kurudisha stika, la sivyo haitaganda na vumbi litaingia.

Usipulize WD-40 humo. Sehemu kubwa yake ni kiyeyushi: inaosha oili iliyobaki, inakauka, na feni inarudi pale pale au vibaya zaidi.

Kiteuzi

Asanteni sana. Majibu haya hapa.

BIOS ilikuwa kwenye PWM tayari. Kasi kamili haikubadilisha kitu. Feni ya kasha kwenye CPU_FAN inazunguka na inasoma 1,150 kwa dakika. Kwa betri ya volti 9 feni ya prosesa haianzi yenyewe. Kwa mkono inazunguka nusu mzunguko na kusimama, na ikilala mapanga yakiangalia juu inakuwa nzito kuliko ikisimama wima. Haina sauti ya mchanga.

Beringi_Kavu

Hiyo ni beringi kavu, na mazabodi yako haina kosa. Ukiisafisha itazunguka. Ila mimi ningeichukulia kama ya kukuvusha tu mpaka upate mpya: ikishakauka mara moja shaba imeshalika, tundu limepanuka, na oili mpya haikai humo kama ilivyokaa ya kiwandani.

Pini_ya_Nne

Naunga mkono kubadilisha. Vya kuangalia wakati wa kununua ni vichache lakini kila kimoja kinaweza kukurudisha dukani.

Pima umbali kati ya katikati ya tundu moja la skrubu na jingine upande uleule. Feni ya milimita 92 ina 82.5, ya 80 ina 71.5, ya 120 ina 105. Pima na unene, wa kawaida ni milimita 25. Nyembamba ya 15 itaingia lakini vibanio vya waya vitalegea. Chagua ya nyaya nne. Ya nyaya tatu kwenye soketi iliyo kwenye PWM itakimbia kasi yote saa zote. Ampea zikiwa chini ya 1 uko salama, ndicho kiwango cha kawaida cha soketi za feni.

Kuhusu upande wa kufunga: hewa inatoka upande wenye stika na mikono inayoshikilia mota. Kwa hiyo upande huo ndio unaoangalia hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa), ukitaka hewa isukumwe ndani yake.

Kama feni yako imeshikwa kwa skrubu au vibanio, itoe peke yake na uache hitisinki ilipo. Ile pesti ya joto iliyo kati ya hitisinki na prosesa haijaguswa, huna haja ya kuibadilisha. Ikikulazimu kung'oa hitisinki, kwanza washa kompyuta dakika chache pesti ilainike, zima, chomoa umeme, halafu ipindishe kushoto na kulia taratibu kabla ya kuinua. Kwa prosesa za AMD zenye pini chini, kama za soketi ya AM4, ukivuta wima prosesa inaweza kung'oka pamoja na hitisinki huku kufuli la soketi likiwa limefungwa, na pini zikapinda. Pesti ya zamani isafishwe yote kwa isopropili, mpya iwe ya ukubwa wa punje ya njegere.

Mita12V

Kwa atakayesoma hapa na majibu yake yakawa kinyume, yaani feni ni nzima lakini soketi haitoi kitu: weka kasi kamili BIOS, kisha pima kwa multimita. Ncha nyeusi iguse chuma cha kasha, nyekundu iguse pini ya 2 peke yake. Usijaribu kuingiza ncha zote mbili kwenye pini za jirani. Zikigusana unachoma soketi uliyokuja kuipima. Kawaida ni kati ya volti 11.4 na 12.6. Ukipata sifuri, hamishia feni CPU_OPT, soketi ya pili ya feni ya prosesa, kama ipo.

Na kama volti 12 zipo lakini feni inazunguka tu ukiuacha waya wa nne nje, umeme ni mzima, kilichoharibika ni amri.

Beringi_Kavu

Wenye laptopu: msitumie betri ya volti 9 kwenye feni zenu bila kusoma stika. Nyingi ni za volti 5, na hizo zipimeni kwa umeme wa USB.

Feni ya kadi ya picha ikisimama wakati kompyuta haifanyi kazi nzito, msiifungue. Kadi nyingi zinazima feni kwa makusudi mpaka joto lifike nyuzi 50 hadi 60 hivi. Ipeni kazi ya gemu kwanza, muone. Na feni ya pawasaplai si ya kutia oili nyumbani: kapasita za ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Badilisha pawasaplai nzima.

Kiteuzi

Nimeifungua. Utando wa kahawia upo kama ulivyosema, na kipete kilikuwa kimekwama ndani yake. Baada ya kusafisha na matone mawili inaanza yenyewe kwa betri, na ndani ya BIOS inasoma 2,300 kwa kasi kamili, joto limetulia kwenye 46. Natafuta mpya ya milimita 92 yenye unene wa 25 na nyaya nne.