Mjadala: Je, Tuachane na Televisheni ya Kebo na Kubaki na Huduma za Mtandaoni Peke Yake?

Ndugu wachangiaji,

Swali lililo mezani ni kama kaya inayolipia televisheni ya kebo iikate na kubaki na huduma za kutiririsha video kwa intaneti. Pande mbili zimekwisha kujitokeza. Wa kwanza wanasema kebo ni mzigo wa zamani, kwamba mtu analipia chaneli mia ili atazame kumi, na kwamba Netflix, Disney+, YouTube na wenzao wamekwisha kuimaliza kazi hiyo. Wa pili wanajibu kwamba huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto, kwa kuwa ukijumlisha huduma nne au tano pamoja na ada ya intaneti, bili inarudi palepale ilipokuwa. Mimi nasimama na wanaotaka kuhama. Hata hivyo, naona hoja ya bei, jinsi pande zote mbili zinavyoijadili, imetuondoa kwenye jambo lenyewe, nalo ni haki ya mteja kujiondoa pale anapotaka.

Nianze na namna kebo ilivyofikia hapa, maana lawama nyingi zinazoelekezwa kwake hazigusi chanzo. Kebo haikuzaliwa kama biashara ya chaneli mia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Marekani, katika majimbo kama Pennsylvania, watu walioishi nyuma ya milima iliyozuia mawimbi ya televisheni walisimamisha antena moja kubwa juu kilimani na kuteremsha waya hadi majumbani. Ilikuwa njia ya kupokea vituo vilevile ambavyo wengine walivipata bure hewani. Mambo yalibadilika HBO, chaneli ya kulipia ya filamu na michezo, ilipoanza mwaka 1972, na zaidi mwaka 1975 ilipoanza kutumia setilaiti kuyafikisha matangazo yake kwa kampuni za kebo nchini kote, ikifungua kazi hiyo kwa pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililofanyika Manila. Zikafuata ESPN ya michezo mwaka 1979, CNN ya habari mwaka 1980 na MTV ya muziki mwaka 1981. Tangu hapo mwenye waya na mwenye chaneli wakawa wanavutana, na mwenye chaneli inayopendwa akagundua nguvu aliyonayo: ukiitaka hii, chukua na hizi nyingine, tena uziweke kwenye kifurushi cha msingi ili kila mteja azilipie, azitazame asizitazame. Ndiyo maana mtu asiyetazama mpira hata dakika moja amekuwa akichangia gharama za haki za kurusha mpira miaka nenda miaka rudi. Kifurushi kikubwa hakikutokana na uzembe wa mtu. Ndicho kilichouendesha mfumo mzima.

Haki itendeke, kifurushi hicho kilikuwa na faida yake. Chaneli ndogo za watoto, za makala za sayansi na za lugha za wachache ziliishi kwa senti zilizotoka kwa watu wasiozijua. Anayefurahia kuvunjika kwa kifurushi akubali kwamba baadhi ya hizo zitakufa au zimekwisha kufa. Mimi nalikubali hilo kwa uchungu, lakini siamini kwamba mteja anapaswa kufungwa mkataba ili chaneli asizozitazama ziendelee kuwapo.

Sasa niingie kwenye bei. Wanaoitetea kebo wako sahihi kwamba huduma za mtandaoni zimepanda. YouTube TV, ambayo ni kifurushi cha chaneli za kawaida kinachopita kwenye intaneti, ilianza mwaka 2017, na leo ada yake ya mwezi ni zaidi ya mara mbili ya ile iliyoanza nayo. Disney+ iliingia sokoni Novemba 2019 kwa bei ya kuvutia wateja, kisha ikapandisha mara kadhaa. Netflix ilileta kiwango chenye matangazo ya biashara Novemba 2022, na Mei 2023 ikaanza kuwadai Wamarekani malipo ya ziada kwa kila anayetumia akaunti akiwa nje ya kaya ya mwenye akaunti. Hayo yote ni kweli, na anayesema kuhama ni kuokoa fedha moja kwa moja anawadanganya watu.

Lakini angalieni hesabu yao inavyopigwa. Wanachukua huduma tano, wanazijumlisha kana kwamba kaya imelazimishwa kuwa nazo zote kwa miezi kumi na miwili, kisha wanalinganisha na kebo. Ni nani aliyeilazimisha? Kebo kwa desturi yake imekuja na mkataba wa mwaka mmoja au miwili, king'amuzi cha kukodi, faini ya kuvunja mkataba kabla ya muda, na simu ndefu kwa mhudumu ambaye kazi yake ni kukuzuia usiondoke. Huduma ya mtandaoni, kwa sehemu kubwa, ni ya mwezi mmoja mmoja. Unaingia kwenye ukurasa wa akaunti, unafungua sehemu ya uanachama, unabonyeza sitisha, unaulizwa kama una hakika, unathibitisha, na unaendelea kutazama hadi siku ulizokwisha kuzilipia zitakapomalizika. Tamthilia uliyoingojea ikiisha, unahama. Baada ya miezi mitatu ukitaka kurudi, akaunti yako ipo, na mara nyingi orodha ya ulivyokuwa ukitazama bado ipo.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Kaya inayoshika huduma moja au mbili kwa wakati mmoja na kuzungusha, inalipa sehemu ndogo ya gharama ya kebo na kwa mwaka mzima inapata karibu kila ilichokitaka. Kaya inayozishika tano bila kuzitazama imejijengea kebo yake yenyewe, na lawama haiwezi kuwa ya teknolojia. Najua kuzungusha kunahitaji mtu wa kukumbuka. Katika nyumba nyingi hakuna anayejua ni huduma ngapi zinakatwa fedha kwenye kadi, kwa sababu baba alijisajili moja, mtoto akajisajili nyingine kwa siku saba za majaribio, na hakuna aliyerudi kusitisha. Tarehe za kukatwa fedha ziandikwe kwenye kalenda ya simu, na awepo mtu mmoja mwenye jukumu hilo.

Kwa sababu hiyo, vita ninavyovitaka wapenda kuhama wavipigane ni vya kuilinda haki ya kujiondoa, kwani imeanza kumegwa. Ujerumani tangu Julai 2022 inazitaka kampuni zinazouza huduma za kulipia kwa kuendelea mtandaoni ziweke kitufe cha wazi cha kusitisha mkataba. Marekani ilijaribu: Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipitisha Oktoba 2024 kanuni ya kutaka kujiondoa kuwe kwepesi kama kujiunga, lakini Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaitengua kwa hoja ya utaratibu, siku chache kabla sehemu kuu za kanuni hiyo hazijaanza kutumika. Wakati huohuo kampuni zinazidi kusukuma malipo ya mwaka mzima kwa punguzo, na vifurushi vinavyounganisha huduma za makampuni mawili au matatu. Punguzo hilo linavutia, lakini anayelichukua ameuza kitu kilichomfanya ahame.

Nije kwenye matangazo ya moja kwa moja, mahali ambapo naona wenzetu wa kebo wana hoja nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Kebo hupeleka mawimbi yaleyale kwa nyumba zote kwa wakati mmoja. Wawe watazamaji elfu au milioni, mzigo ni uleule. Utiririshaji humtumia kila mtazamaji nakala yake, ikiwa imekatwakatwa vipande vya sekunde chache, na kifaa chako huhifadhi vipande kadhaa mbele kabla ya kuonyesha ili picha isikwame. Kwa filamu hilo halina madhara yoyote. Kwa mpira lina madhara: mpigaji penalti bado anarudi nyuma kuchukua mbio, simu mfukoni imekwisha kutetemeka kutangaza bao, na jirani mwenye kebo amekwisha kupiga kelele. Tena watu wengi wanapoingia kwa pamoja mfumo unaweza kulemewa. Novemba 15, 2024, Netflix iliporusha pambano la Jake Paul na Mike Tyson, watazamaji wengi walilalamika kwamba picha ziliganda na kufifia, nayo ni kampuni iliyokuwa na uzoefu wa utiririshaji tangu mwaka 2007.

Kwa mpenzi wa michezo, basi, sina ubishi mkubwa akisema atabaki na kebo kwa sasa. Ninachomwomba aangalie ni upande ambao michezo yenyewe inaelekea. Huko Marekani mechi za Alhamisi za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, zimekuwa kwenye huduma ya mtandaoni ya Amazon tangu msimu wa 2022, na Januari 2024 mechi moja ya mtoano ilionyeshwa na huduma ya mtandaoni ya Peacock peke yake nchini kote, isipokuwa kwenye vituo vya miji ya timu zilizocheza. Aliyebaki na kebo kwa ajili ya michezo amejikuta analipia kebo na huduma za mtandaoni juu yake. Hali hiyo ni mbaya kuliko ya pande zote mbili za mjadala huu, na haikuletwa na sisi tunaohama. Imeletwa na wenye haki za michezo wanaouza kipande kwa kipande kwa anayetoa zaidi.

Kuhusu intaneti sitakaa sana. Netflix yenyewe inaeleza kwamba saa moja ya picha angavu ya HD inaweza kula hadi GB 3 za data, na ya 4K iliyo angavu zaidi hadi GB 7. Penye intaneti ya kupimwa kwa GB au inayokatika kila jioni, kuhama ni kujitesa, na asiyekubali hilo hajawahi kutazama kiduara kikizunguka katikati ya habari. Jambo moja tu niongeze: mara nyingi waya unaoleta kebo ndio uleule unaoleta intaneti, na mwenye waya ni yuleyule. Ukikata televisheni atakupandishia intaneti, au atakuambia kwamba viwili kwa pamoja ni nafuu kuliko kimoja. Kabla ya kukata, ulizia bei ya intaneti ikiwa peke yake, na uipate kwa maandishi.

Kuna kundi ambalo mjadala huu umelisahau, nao ni wazee wetu. Bibi aliyezoea kubonyeza namba mbili kwenye rimoti na kuikuta taarifa ya habari anatakiwa sasa awashe televisheni, achague programu, achague jina lake kati ya picha tano, na siku mbaya aambiwe aingize nenosiri upya kwa kusogeza kishale herufi moja baada ya nyingine kwenye kibodi ya kioo, huku msimbo wa kuthibitisha umetumwa kwenye simu ya mjukuu aliye kazini. Ile si burudani tena. Katika nyumba yenye mzee wa namna hiyo nasema kebo ibaki, au kwanza awepo kijana atakayempangia mambo: programu moja ya chaneli za moja kwa moja, ikae ya kwanza kwenye skrini, ifunguke yenyewe, na wengine wasiiguse. Zipo za bure zinazojiendesha kwa matangazo ya biashara, kama Pluto TV, ambazo muundo wake wa chaneli zinazofuatana hauko mbali na ule anaoujua.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ni kwamba mtandaoni hakuna chako, kwani filamu iliyopo leo kesho haipo. Ni kweli HBO Max iliondoa vipindi vingi Agosti 2022, na Disney+ ikafanya hivyo Mei 2023, vikiwamo vilivyotengenezwa kwa ajili yake yenyewe. Inaudhi. Lakini kebo nayo ilikuachia nini? Kipindi kilipita saa yake na kwisha, na ulichokirekodi kwenye king'amuzi cha kukodi ulikirudisha pamoja na king'amuzi siku ulipovunja mkataba. Anayetaka kitu kiwe chake anunue diski. Hilo haliipi kebo pointi yoyote.

Wanaosema haya ni mawimbi yatakayotulia waangalie vipimo vya Marekani vya Nielsen, kampuni inayopima utazamaji wa televisheni. Julai 2022 utiririshaji uliipita kebo kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima, na Mei 2025 ulifikia asilimia 44.8 ya muda wote wa kutazama televisheni, zaidi ya kebo na vituo vya hewani vikijumlishwa pamoja. Watu wamekwisha kuhama. Kinachobaki kuamuliwa ni kama watabaki na haki ya kutoka.

Kwa hiyo nawauliza wenzangu mnaotetea kebo, na ningependa jibu lisilozunguka: kama kampuni yenu ya kebo ingekubali kesho kumwachia mteja aingie na kutoka kila mwezi bila faini na bila kupiga simu, mngeendelea kusema hakuna tofauti kati yake na hizi za mtandaoni? Na ninyi wenzangu wa upande wangu mliolipia mwaka mzima kwa ajili ya punguzo, mmejiondoaje kwenye mkataba wa kebo?