Mdogo wangu amekatwa kwa kimo uwanjani, hospitali anapita. Niende mahakamani au niache?

Baharia_wa_Faza

Asalam aleikum wote, na wasio waislamu hamjambo. Nina jambo linanikosesha usingizi naomba mawazo hasa kwa wanaojua sheria. Mdogo wangu ana miaka 21, kidato cha nne alipata C, mzima kabisa, ni mtu wa kukimbia Faza mpaka Kizingitini na kurudi kabla ya chai. Wiki iliopita kulikua na kuandikisha makurutu wa kikosi kimoja cha serikali (jina nitaliacha) uwanjani Mokowe, huku kwetu Lamu, Kenya. Tumetoka Faza usiku na mashua ili tuwahi, saa kumi na mbili asubuhi tuko foleni, yeye kaja kupimwa saa tisa alasiri baada ya kukimbizwa raundi na jua lote lile hakuna hata kivuli cha mwarobaini.

Sasa kile kipimo. Wamesimamisha boriti la mkoko wakaligongomea tepu ya njano ile ya mafundi cherehani, chini ni mchanga, hakuna ubao hakuna saruji. Mimi nilikua nyuma ya kamba kama hatua kumi naona kila kitu. Kila kijana akisimama mchanga unazama kidogo, na ilipofika zamu ya huyu wetu pale chini pashakua kama kisahani kwa visigino vya watu mia tatu waliomtangulia. Afisa akaweka rula juu ya kichwa, akasema 166, toka. Basi. Sekunde nne. Tangazo linataka futi 5 inchi 6, nimepiga hesabu ni 167.6. Kesho yake nikampeleka hospitali ya serikali nesi akampima kwenye kile kipimo cha ukutani, 168.2, wakaandika na muhuri wakapiga.

Makurutu wanaripoti chuoni baada ya wiki tatu. Mama yuasema ni hasadi tumsomee mtoto dua yaishe. Mimi dua siikatai lakini nauliza hapa kuna kesi ama nitapoteza pesa ya nauli bure?

Mpiga_Kasia

Pole sana kaka. Mngekua na bahasha hata lile boriti lingefupika 😂

Baharia_wa_Faza

Bahasha hatuna, na tungekua nayo tungenunua mashine mpya ya boti.

Fundi_Cherehani_Malindi

Mimi sheria siijui ila tepu naijua, miaka 19 niko na cherehani hapa Malindi. Tepu ya kitambaa ikizeeka inavutika, haswa ikikaa juani na ikining'inizwa. Na watu wengi wanadhani ikivutika inakuongeza, la, inakupunguza! Kwa sababu kila sentimita yake imekua ndefu kuliko sentimita ya kweli, kwa hivyo wewe unaingia sentimita chache. Mimi kila baada ya miezi naipima tepu yangu na rula ya chuma, ikizidi naitupa, maana suruali ya mteja ikiharibika ni mimi nalipa. Nilishawahi kukuta moja imezidi sentimita mbili nzima toka mwanzo hadi mwisho. Huyo wenu alikosa moja na kitu tu. Ulizeni hio tepu ilitoka wapi.

Afande_Mstaafu

Nimekaa kwenye hizi kazi za kuchagua vijana mara nyingi tu kabla sijastaafu kwa hivyo wacha niseme upande wa pili. Kipimo cha kimo kina sababu zake na lazima mstari uwekwe mahali, ukimwonea huruma wa 166 kesho anakuja wa 165 analia pia. Na hizo takwimu si sawa kila mahali, jeshi la ulinzi wanaume wanataka mita 1.60 tu na wanawake 1.52, polisi ndio walikua wakitangaza futi 5 inchi 8 kwa mwanamume na futi 5 inchi 3 kwa mwanamke.

Lakini hilo la mchanga silitetei. Sisi tulikua tunatafuta sakafu ya shule ama tunaweka ubao, kijana anasimama visigino vimegusa, matako yamegusa, mabega yamegusa, macho mbele. Akiinamisha kidevu kwa woga ashapoteza sentimita. Na jambo jengine vijana hawalijui, binadamu ni mrefu asubuhi kuliko jioni, mgongo unashuka kama sentimita moja ukishinda umesimama. Kosa lenu ni moja, alipoambiwa toka alitoka. Angenyanyua mkono palepale aombe apimwe tena mbele ya mkubwa wa zoezi, tulikua tunawapima.

Baharia_wa_Faza

Mzee wangu shikamoo. Kijana wa miaka 21 kutoka kisiwani mbele ya bunduki tatu aseme nini.

Afande_Mstaafu

Marahaba. Hapo umenishinda.

wakili_mtarajiwa

Kaka Baharia niko mwaka wa mwisho wa sheria, si wakili bado kwa hivyo nisikilize halafu umtafute mwenye leseni. Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kuna kesi ya kusema *kiwango chenyewe ni kibaya*, na kuna kesi ya kusema *kiwango ni sawa ila mmenipima vibaya*. Ya kwanza ni mlima. Ya pili ndio yako, kaa hapo usitoke.

Kule India kesi za hii ya pili ni nyingi mno, kijana anakatwa kwa nusu sentimita anaenda mahakama kuu, na mara nyingi jaji hahangaiki na hotuba, anaagiza apimwe upya na jopo la madaktari lisilohusika na zoezi. Akipita anarudishwa kwenye mchujo, asipopita imekwisha. Ombi lako liwe hilohilo, dogo na jepesi, apimwe upya. Usiombe aajiriwe, mahakama haipendi kuajiri watu kwa niaba ya vikosi.

Kwa sheria zetu, usikimbilie Sheria ya Ajira, ile inalinda hata anayetafuta kazi asibaguliwe lakini kifungu cha 3 kimewatoa nje jeshi, polisi, magereza na NYS (ile huduma ya vijana kwa taifa). Kwa hivyo kama kikosi chenu ni mojawapo shika Katiba, kifungu cha 47, haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki na wa kufuata utaratibu, pamoja na ile sheria ya 2015 iliotungwa kukitekeleza kifungu hicho. Kupima mtu kwenye shimo la mchanga si utaratibu. Ila sheria hiohio inakutaka umalize kwanza ngazi za ndani za malalamiko, ndio maana barua iende LEO, kwa mkubwa wa zoezi na makao makuu, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Hio nakala ni dhahabu. Ndani ya barua hio omba pia karatasi iliyoandikwa kipimo chake, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu.

Na hapo ndio tatizo, siku 21 ni wiki tatu na wiki tatu makurutu washaingia chuoni. Ukisubiri jibu umeliwa. Wakinyamaza siku chache fungua ombi la kikatiba na uombe amri ya muda nafasi moja ya kaunti ibakizwe wazi. Mahakama ya ajira iko Malindi, si lazima mfike Mombasa. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema ada ya kuanzisha kesi ya namna hii isitozwe, na hata maandishi yasiyo rasmi yanaweza kupokewa.

Binti_wa_Shela

Mimi nitaongea juu ya huo mlima, samahani wakili. Mbona kila mtu anakubali tu kiwango kama kimeshuka na wahyi? Jeshi linalokwenda vitani linachukua mita 1.60 halafu mlinzi wa lango anatakiwa awe mrefu zaidi, kwa hoja gani? Marekani mwaka 1977 mahakama yao ya juu iliondoa sharti la kimo na uzito la walinzi wa magereza kule Alabama, dada mmoja alikatwa kwa sababu hakufika paundi 120, serikali ikashindwa kuonyesha hayo yanahusiana vipi na kazi. Ugiriki nao polisi waliweka mita 1.70 kwa wote, mwanamke wa 1.68 akalalamika, mwaka 2017 mahakama ya Ulaya ikasema kipimo kimoja kwa wote kinawafungia nje wanawake wengi kuliko wanaume na lazima serikali ithibitishe kina haja.

Na hao India wa wakili, vikosi vyao vya ulinzi wa kati vinataka sentimita 170 kwa wanaume lakini makabila ya asili wanashushiwa 162.5. Sisi hapa kifungu cha 56 cha Katiba kinazungumzia jamii ndogo kupewa nafasi maalum za ajira, Wabajuni na Waboni wa huku Lamu wako wangapi kwenye hivyo vikosi? Nauliza tu.

wakili_mtarajiwa

Dada hoja ni nzuri na siku moja mtu ataipeleka. Lakini si kwa wiki tatu na si kwa mgongo wa huyu kijana.

Mpiga_Kasia

Nani amewahi kuishinda serikali kwa haya mambo lakini? Tuambiane ukweli.

Afande_Mstaafu

Imewahi. Kuandikisha polisi kwa Julai 2014, ile mamlaka ya kuwasimamia polisi IPOA ilienda mahakamani ikalalamikia hongo na utaratibu mbovu, Oktoba mwaka huohuo mahakama kuu ikafuta zoezi lote nchi nzima, rufaa nayo ikagonga mwamba. Vijana maelfu waliokua washafanya sherehe nyumbani wakaambiwa warudie. Kimo hakikua hoja pale, ni utaratibu. Kuna mama jirani yangu alikua ashachinja mbuzi.

Baharia_wa_Faza

Shukran sana wote. Barua nimeiandika jana usiku, kurasa mbili, mwalimu wa madrasa kanisahihishia, naipeleka kesho na mashua ya alfajiri. Nimeomba apimwe upya tu, kama alivyosema wakili. Leo nilipita Mokowe nikapiga picha pale uwanjani, boriti washaling'oa ila kile kisahani kwenye mchanga bado kipo, nimeweka rula ndani, kina sentimita mbili na nukta. Vijana wawili waliokua foleni wamekubali kuandika walichoona. Mama bado anasoma dua zake.

Fundi, hio tepu sasa nitaipata vipi na iko kwao?

Fundi_Cherehani_Malindi

Huipati. Andika kwenye barua waitunze wasiitupe, na siku ya kupimwa upya waje nayo. Mimi rula yangu ya chuma nitakuazima.