MRI ya shingo imeonyesha diski ya C5-C6, lakini ganzi iko kidole cha mwisho. Naomba ushauri

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Tanga, Ngamiani. Mke wangu ni fundi cherehani, na tangu mfungo wa Ramadhani mkono wake wa kulia unakufa ganzi: kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete. Usiku ndiyo balaa. Siku hizi sindano inamponyoka, hata kumfunga mtoto vifungo vya shati ni shida.

Alipigwa MRI (picha ya ndani ya mwili) ya shingo Dar. Ripoti inasema diski, ule mto laini kati ya pingili za shingo C5 na C6, imetokeza kidogo, uti wa mgongo haujabanwa. Tukaambiwa ni umri, akaandikiwa dawa za maumivu, basi.

Kinachonitatiza ni hiki: nimesoma kwamba neva (mshipa wa fahamu) inayotoka hapo ni C6, nayo inahusika na kidole gumba na cha shahada. Kidole cha mwisho ni cha C8, inayotoka chini zaidi, au neva ya alna inayopita nyuma ya kiwiko. Na yeye kutwa nzima kiwiko kiko juu ya meza ya cherehani! Sasa MRI ya shingo ingeonaje tatizo la kiwiko?

Kuna aliyepitia hili? Kile kipimo cha umeme cha kupima kasi ya neva kinapatikana huku Tanga, au ni mpaka Dar? Au tuanze na sukari na vitamini B12, maana navyo huleta ganzi? Mwenye ujuzi wa ripoti hizi naomba sana anieleweshe, vidole vile ndiyo ada ya watoto.