Alitibiwa uvimbe wa ubongo, sasa ana mavilio. Nisubiri kliniki?

UmmuYasin: Assalam aleikum. Mwanangu alipatikana na uvimbe wa ubongo, ATRT, kabla hajatimiza miaka 3. Akapasuliwa Nairobi, hakuchomwa mionzi kwa sababu ya umri, akatiwa kemo, dawa nzito za saratani. Amemaliza mwaka jana na MRI ni safi, alhamdulillahi. Lakini tangu Idi viganja vimekuwa vyeupe, achoka upesi, miguuni ana mavilio na hakuanguka popote. Jana kupiga mswaki tu, fizi zikatoka damu mpaka fulana ikalowa. Zahanati ya mtaani wamempa dawa ya kuongeza damu. Kliniki yake ni mwezi ujao. Nisubiri? Mamangu naye ashaanza: "si nilikwambia hiyo kemo."

NesiTudor: Usisubiri, dadangu. Leo hii nenda hospitali ya Makadara, dharura, apimwe hemogramu kamili, yaani hesabu ya chembe zote za damu, na damu itazamwe kwa darubini. Upungufu wa chuma haupasui fizi wala hauleti mavilio. Na beba karatasi za kemo, uangalie kama kuna etoposidi. Hiyo yaweza kuzaa lukemia, saratani ya damu, mara nyingi ndani ya miaka 1 hadi 3. Saiklofosfamidi pia, ila hiyo huchelewa, 5 hadi 10. Ni watoto wachache wanaopata. Sisemi ndiyo, nasema apimwe.

BabaWatatu: Jaribu habasoda na asali kwanza, hospitali watamchosha mtoto.

NesiTudor: Kaka, tafadhali! Mtoto anatoka damu. Plateleti, chembe za kugandisha damu, zikiwa chini hata brufeni na sindano ya matakoni ni hatari. Akipata homa ndio usingoje hata saa moja.

UmmuYasin: Kwa hivyo ile saratani imerudi?

MamaKe_Zuhura: La, mwenzangu. Hii, kama ipo, ni maradhi mapya ya uboho: dawa zimeharibu seli zinazotengeneza damu. Watataka kutoa uboho kwenye mfupa wa nyonga ndio wajue. Wangu alifanyiwa; waombe dawa ya usingizi, usione haya. Na bi mkubwa mwambie kwa adabu, ATRT haingojei. Bila ile kemo msingekuwa mnabishana leo.

UmmuYasin: Etoposidi ipo, ukurasa wa pili. Tuko kwenye tuktuk.

BabaWatatu: Haya, nimeelewa. Damu yake ni kundi gani? Plateleti hazikai benki, siku 5 hivi zimeharibika. Nina vijana hapa barazani, wakihitajika nawaleta.

UmmuYasin: B+.